Namna ya kukitumia kitenzi "inflict" cha Kiingereza bila kukosea

Sentensi "Mafuriko yaliwatia wakulima hasara kubwa" haina dosari yoyote. Mwenye sentensi hiyo kichwani, akitakiwa kuiandika kwa Kiingereza, hukumbuka kwamba kamusi inasema "inflict" ni kutia au kusababisha jambo baya, kisha huandika "The floods inflicted the farmers a big loss", na msahihishaji huipigia mstari mwekundu bila kueleza kosa liko wapi. Kosa haliko katika maana, kwa kuwa "inflict" na "kutia hasara" ni maneno yanayokaribiana sana. Liko katika mahali alipowekwa mkulima. Kiswahili humwingiza mtendewa ndani ya kitenzi chenyewe, kwa kiambishi "-wa-" cha "yaliwatia", ilhali Kiingereza, kwa kitenzi hiki, humtoa nje kabisa na kumweka nyuma ya kihusishi "on". Karibu makosa yote ninayokutana nayo katika tafsiri na insha zenye kitenzi hiki yanatokana na tofauti hiyo moja, na ndiyo maana mwongozo huu utakaa hapo muda mrefu kuliko mahali pengine.

Hatua ya kwanza: shika picha ya pigo

"Inflict" kinatokana na kitenzi cha Kilatini "infligere", ambacho ndani yake mna "fligere", yaani kupiga, na kiliingia katika Kiingereza katika karne ya 16. Shina hilo la kupiga limo pia katika "conflict", ambalo asili yake ni kugongana, na katika "afflict", ambalo tutalirudia baadaye kwa kuwa limewapoteza wengi. Msemaji wa Kiswahili ana bahati hapa, kwa sababu lugha yake nayo hutumia neno pigo kwa maana zote mbili, pigo la fimbo na pigo la msiba au hasara. Kwa hiyo kila unapotaka kuandika "inflict", fikiria pigo: yupo anayelitoa, lipo pigo lenyewe, na papo linapotua. Kiingereza hutaja vitu hivyo vitatu kwa mfuatano huo huo, na "on" ndilo neno linalomwonyesha msomaji kwamba pigo limetua juu ya nani.

Anayetoa pigo si lazima awe na akili wala nia. Jeshi, mtesaji na mahakama wanaweza kuwa kiima cha kitenzi hiki, lakini hata ukame, vita au kimbunga vinaweza pia. "Cyclone Idai inflicted severe damage on Beira in March 2019" ni sentensi sahihi, ingawa kimbunga hakikukusudia lolote dhidi ya mji huo wa Msumbiji. Hata hivyo, kiima kikiwa mtu, na mwandishi asipoongeza maelezo, msomaji wa Kiingereza huelekea kudhani kwamba tendo lilikusudiwa. Kwa sababu hiyo, ukiandika habari ya dereva aliyemgonga mwenda kwa miguu kwa bahati mbaya, "The driver injured a pedestrian" ni salama zaidi kuliko "The driver inflicted injuries on a pedestrian", kwani ya pili inanukia kesi ya shambulio.

Hatua ya pili: tanguliza madhara, mwathirika afuate nyuma ya "on"

Katika sarufi ya Kiswahili, kitenzi kama "kutia", "kupa" au "kusababishia" hubeba yambwa mbili: yambwa tendewa, ambayo ni mtu, na yambwa tendwa, ambayo ni kitu au jambo. Mtu hutangulia na ndiye anayeshikwa na kiambishi: alimtia mwenzake hasara, walimsababishia maumivu, wamewapa kipigo. Kiingereza nacho kina vitenzi vinavyokwenda hivyo, kama "give" na "cause", na "The news caused her great pain" ni sentensi nzuri. "Inflict" hakimo katika kundi hilo. Yambwa yake ni madhara peke yake, na mtu hana namna ya kukaa karibu na kitenzi bila kihusishi.

Kwa hiyo, kabla ya kuandika, jiulize maswali mawili kwa mpangilio huu: ni madhara gani, na juu ya nani? Ukiyajibu kwa mfuatano huo huo, sentensi itajipanga yenyewe. Mfano kutoka historia yetu: mwezi Agosti 1891, huko Lugalo, Wahehe waliokuwa chini ya Mkwawa waliwapiga vibaya Wajerumani. Madhara gani? Kushindwa vibaya. Juu ya nani? Wajerumani. Basi huandikwa "At Lugalo in 1891 the Hehe inflicted a crushing defeat on the Germans." Vivyo hivyo kwa mapigano ya Tanga ya Novemba 1914, ambako kikosi cha Wajerumani, ambacho wengi wa wapiganaji wake walikuwa askari Waafrika, kiliwashinda Waingereza na wanajeshi wao kutoka India waliokuwa wengi kukizidi mara kadhaa: "A much smaller force inflicted a humiliating defeat on the British at Tanga." Na kwa kuwa makundi ya nyuki nayo yaliwavamia wapiganaji siku zile, mtu anaweza kuandika bila kukosea kwamba "The bees inflicted painful stings on the soldiers."

Kihusishi chenyewe kina mtego wake. Kiswahili husema "madhara kwa watoto" na "hasara kwa serikali", na neno "kwa" humvuta mwandishi kwenye "to", hasa kwa kuwa Kiingereza kwenyewe husema "do harm to" na "cause damage to". Lakini kitenzi kikibadilika kuwa "inflict", kihusishi nacho hubadilika: "inflict harm on", "inflict damage on". Badala ya "on" unaweza kuandika "upon", ambayo ina sauti ya kizamani au ya kimahakama kidogo. "To", "at", "for" na "with" hazina nafasi hapa.

Upo wakati ambapo "on" na mwathirika huruka na kukaa mbele ya madhara, nao humchanganya msomaji makini anayedhani kwamba kanuni imevunjwa. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1948 dhidi ya mauaji ya kimbari, katika kifungu chake cha pili, unataja miongoni mwa matendo ya jinai "deliberately inflicting on the group conditions of life calculated to bring about its physical destruction in whole or in part". Hapa yambwa ni "conditions of life" pamoja na mkia wake mrefu wote. Kama "on the group" ingewekwa baada ya mkia huo, msomaji angekuwa amekwisha kusahau inahusiana na nini. Kiingereza huruhusu yambwa nzito isukumwe mwisho wa sentensi, lakini angalia kwamba "on" imebaki mahali pake mbele ya mwathirika. Kinachohama ni fungu zima, na kihusishi hakidondoki.

Ikiwa mtiririko wa aya unakulazimisha kumtanguliza mtu, usikilazimishe kitenzi hiki, tafuta kingine. "Subject" ndicho kinachofaa zaidi katika maandishi rasmi, kwa kuwa mpangilio wake unafanana na wetu: "They subjected the prisoners to severe pain" ni "Waliwatesa wafungwa kwa maumivu makali", mtu akiwa mbele na madhara yakifuata baada ya "to".

Hatua ya tatu: geuza kauli ya kutendwa kwa uangalifu

Kiswahili kikigeuza "Mafuriko yaliwatia wakulima hasara" kuwa kauli ya kutendwa, wakulima ndio wanaopanda kuwa kiima: "Wakulima walitiwa hasara." Hapo ndipo zinapozaliwa sentensi kama "The farmers were inflicted a loss" na ndugu yake "The farmers were inflicted with losses". Ya kwanza si Kiingereza. Ya pili utaikuta hata kwa wenye lugha wakati mwingine, lakini wahariri huiona kuwa ni mchanganyiko wa "inflict" na "afflict", nami nakushauri uiepuke.

Kinachoweza kuwa kiima cha kauli ya kutendwa ni kile kilichokuwa yambwa, yaani madhara: "Heavy losses were inflicted on the farmers." Mfano maarufu zaidi wa umbo hili uko katika kifungu cha kwanza cha Mkataba wa Umoja wa Mataifa dhidi ya Utesaji wa mwaka 1984, unaoeleza utesaji kuwa ni "any act by which severe pain or suffering, whether physical or mental, is intentionally inflicted on a person". Maumivu ndiyo kiima, mtu yuko nyuma ya "on", na "intentionally" imeongezwa kwa sababu ile niliyoitaja: kitenzi peke yake hakithibitishi nia. Marekebisho ya Nane ya Katiba ya Marekani, yaliyoidhinishwa mwaka 1791, nayo yanakataza dhamana na faini zilizopindukia na kumalizia kwa maneno "nor cruel and unusual punishments inflicted". Hapo mwathirika hatajwi kabisa, na sentensi imesimama vizuri, kwa kuwa "on" na mtu wake vinaweza kuachwa pale ambapo mwathirika ni yeyote au anajulikana.

Ukitaka wakulima wabaki kuwa kiima, neno linalokufaa ni "suffer": "The farmers suffered heavy losses." Wafasiri wengi hulisahau kwa kuwa katika vitabu vya shule hufundishwa kama "kuteseka" tu, wakati katika habari za uchumi, vita na michezo maana yake ya kawaida ni "kupata" hasara, majeraha au kipigo. Ni upande wa pili wa "inflict": mmoja anatoa, mwingine anapokea.

Hatua ya nne: chagua nomino zinazoandamana nacho

Si kila jambo baya linaloweza kufuata kitenzi hiki. Zinazokubalika bila shaka ni "damage", "harm", "injury", "wound", "pain", "suffering", "misery", "hardship", "losses", "casualties", "defeat" na "punishment". Hasara na vifo vya vitani huandikwa kwa wingi, "heavy losses" na "heavy casualties", na hivyo ile "a big loss" ya mwanzo ilikuwa na kosa la pili juu ya lile la kwanza. Sifa zinazozoeleka mbele ya nomino hizi ni "heavy", "severe", "serious", "lasting" na, kwa mateso yasiyoelezeka, "untold".

Mtego mkubwa zaidi uko katika kitenzi chetu "kutia", kwa kuwa kinabeba mizigo mingi kuliko "inflict". Tunatia hasara na tunatia jeraha, lakini pia tunatia hofu, aibu, shaka na doa, achilia mbali kutia moyo na kutia sahihi. Hofu kwa Kiingereza ina njia yake, "strike fear into", na aibu ina yake, "bring shame on". Kwa ajali na matatizo pia usikitumie: huwezi kuandika "inflict an accident" wala "inflict a problem". Kipimo changu ni rahisi ingawa si kamili: kama jambo lenyewe linaweza kuitwa pigo, kitenzi hiki huenda kikafaa, kama haliwezi, tafuta kingine.

Hatua ya tano: kitenge na majirani zake

"Afflict" ndiye jirani msumbufu. Kwake yambwa ni mwathirika, na kiima kwa kawaida ni ugonjwa, ukame, umaskini au balaa inayodumu: "Drought has afflicted the region for years." Kauli yake ya kutendwa inamchukua mtu bila taabu, ikifuatwa na "with" au "by", kama "He is afflicted with arthritis." Kwa ufupi wa kukumbukwa, tunawapa "inflict" madhara na tunawapa "afflict" watu, na "with" ni mali ya "afflict".

Wengine hawahitaji maelezo marefu. "Hurt" ni kuumiza au kuuma kwa lugha ya kila siku, na umbo lake halibadiliki katika wakati uliopita. "Injure" ni kujeruhi, hasa katika ajali na michezo. "Wound" ni kujeruhi kwa silaha. "Harm" ni kudhuru kwa upana, iwe afya, mazingira au jina la mtu. "Damage" ni kuharibu vitu na sifa, wala haisemwi kwamba mtu aliyevunjika mguu amekuwa "damaged". Vyote hivi humchukua mwathirika moja kwa moja bila kihusishi, na ndiyo maana msemaji wa Kiswahili huvimudu mapema kuliko "inflict".

Hatua ya sita: tambua uzito wake mahakamani

Mfasiri wa sheria hana budi kujua kwamba katika Uingereza kitenzi hiki kimebishaniwa kwa zaidi ya karne moja. Sheria ya makosa dhidi ya mwili ya mwaka 1861, ambayo bado inatumika huko, inasema katika kifungu cha 18 "cause any grievous bodily harm", kwa kosa lenye nia mahususi ambalo adhabu yake inaweza kufikia kifungo cha maisha, lakini katika kifungu cha 20, chenye adhabu isiyozidi miaka mitano, inasema "inflict any grievous bodily harm". Wanasheria waliuliza: kama mtunga sheria aliandika maneno mawili, je, hakukusudia mambo mawili? Mwaka 1888 mahakama ilifuta hatia ya mume aliyemwambukiza mkewe kisonono, na miongoni mwa majaji wapo walioona kwamba "inflict" inadai shambulio la moja kwa moja, kana kwamba pigo la Kilatini lilikuwa bado linasikika ndani ya neno. Mwaka 1997 Baraza la Malodi, ambalo wakati huo lilikuwa mahakama ya juu kabisa nchini humo, liliamua kwamba mtu aliyemwandama mwanamke kwa simu, baadhi zikiwa za kimya, na kwa vitendo vingine vya kumbughudhi hadi akapata ugonjwa mkali wa akili, alikuwa amemtendea kile kinachoitwa "inflict", ingawa hakumgusa.

Huku kwetu jambo hilo halina makali hayo, kwa kuwa Kanuni ya Adhabu ya Kenya, katika kifungu cha 234, na ile ya Tanzania, katika kifungu cha 225, zinatumia kitenzi chepesi: "does grievous harm". Kwa hiyo mfasiri anayetafsiri shitaka la Afrika Mashariki kwa Kiingereza asijipambe kwa "inflict" wakati sheria inayotajwa haina neno hilo. Afuate maneno ya kifungu. Upande wa kurudi, kutoka Kiingereza kwenda Kiswahili, "kusababishia madhara" humtosha mfasiri wa hati za mahakama. Kwa adhabu, hata hivyo, Kiswahili kimezoea "kutoa adhabu" na "kupewa adhabu", na tafsiri ya "kusababishia adhabu" haisemwi na mtu yeyote. Katika habari za michezo, mwandishi anayeona "inflicted a 3–0 defeat on the visitors" aandike tu kwamba wenyeji waliwachapa wageni mabao 3–0.

Hatua ya saba: tamka sawasawa

Mkazo uko kwenye silabi ya mwisho: in-FLIKT. Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na pia hakipendi neno liishie kwa konsonanti mbili, ndiyo maana wengi wetu hutamka "infilikti". Faraja iliyopo ni kwamba "inflicted", "inflicting" na nomino "infliction" zote zina mkazo kwenye FLIK, ambayo ndiyo silabi ya pili kutoka mwisho, pale pale ambapo ulimi wetu umezoea kuuweka. Anayefanya mazoezi aanze na hizo, kisha aikate sauti ya mwisho.

Hatua ya nane: pima mahali pa kukitumia

Hiki ni kitenzi cha magazeti, ripoti, vitabu vya historia na mahakama. Mtoto aliyesukumwa na kaka yake atasema "He hurt me". Akisema "He inflicted pain on me" wazazi watadhani amekuja na wakili. Pamoja na uzito huo, au pengine kwa sababu yake, Waingereza hukitumia kwa mzaha. Mtu mwenye sauti mbaya akiombwa aimbe hujibu "I won't inflict my singing on you", na mgeni anayekuja bila kualikwa husemwa kuwa "inflicts himself on" wenyeji wake. Mzaha huo unategemea pigo lile lile: wimbo umekuwa adhabu. Usiutafsiri kwa madhara wala majeraha. "Sitawapa kero ya kunisikiliza nikiimba" inatosha.

Liko pia umbo "self-inflicted", ambalo hospitalini na mahakamani ni jeraha mtu alilojitia mwenyewe, na katika siasa au biashara ni hasara aliyojitakia. Kwa maana hiyo ya pili, Kiswahili kina msemo uliokamilika kuliko tafsiri yoyote ya neno kwa neno: amejipalia makaa.

Hatua ya tisa: jipime

Chukua sentensi hizi uzigeuze kwa Kiingereza kabla ya kusoma majibu. Ya kwanza: "Vita viliwaletea raia mateso yasiyoelezeka." Ya pili: "Kampuni ilitiwa hasara kubwa na moto." Ya tatu: "Malaria inawasumbua watu wengi wa pwani." Ya nne: "Jirani yangu alinitia aibu mbele ya wageni."

Ya kwanza ni "The war inflicted untold suffering on civilians." Ya pili inaweza kuwa "The fire inflicted heavy losses on the company" au "The company suffered heavy losses in the fire", kulingana na unayetaka awe mbele. Ya tatu inamtaka yule jirani msumbufu: "Malaria afflicts many people on the coast." Ya nne haimtaki hata mmoja wao, licha ya kuwa na kitenzi "kutia" wazi mbele yako, andika "My neighbour embarrassed me in front of my guests".